Vifungo vya Koti la Pascasie

Mke wangu alikufa akiwa na dhahabu, na mimi mwenyewe nikaigawa bure, kwa mikono yangu hii, mbele ya kanisa zima, watu wakipiga makofi.

Sikujua.

Wewe unayesoma usinicheke bado. Ngoja nikueleze kwanza. Ukimaliza, kama bado utakuwa na nguvu ya kucheka, cheka.

Naitwa Astère. Mimi Mrundi, nalinda geti la duka la matairi hapa Johannesburg, upande wa Marshalltown. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ukikuta nimekosea kuandika, pita tu. Haya nimeyaona kwa macho, hakuna mtu aliyenihadithia.

Mke wangu aliitwa Pascasie. Fundi cherehani. Alikuwa na meza yake Newtown, wanagawana kibanda na Égide, Mrundi mwenzetu, naye fundi. Tuna binti mmoja, Sonia, amezaliwa hapahapa Joburg. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu amekichanganya na Kiingereza, na akikasirika anakujibu Kizulu.

Sasa, watu kama sisi wanapataje dhahabu?

Kwa hasira. Ndiyo, kwa hasira.

Karatasi zetu za ukimbizi zilikwisha muda. Ukienda ofisini, mlinzi wa mlangoni anakwambia siku hizi kila kitu kwenye kompyuta. Ukiingia kwenye kompyuta, inakwambia subiri. Benki wao hawasubiri. Wakamwambia Pascasie, mama, karatasi imekufa, na akaunti imefungwa.

Hela ya jasho lake iko mle ndani. Anaiona kwenye simu. Hawezi kuigusa.

Hao waliopanga mambo hivyo, mchana wanakula wamekaa kwenye viti vinavyozunguka. Hawajui mtu anavyopika uji wa jioni huku anaangalia hela yake kwenye kioo cha simu.

Siku karatasi zilipofufuka, Pascasie alikwenda benki akatoa kila kitu. Akaapa. Akasema, "Papa Sonia, benki mimi basi. Wakinifungia mara ya pili nitavunja kioo."

Ndipo akaingia kwa Bakiri.

Bakiri ni Mtanzania wa Tanga. Mtu wa kanzu nyeupe na miwani ya kamba, anauza vitu vya kale: saa za mfukoni, medali za vita, stempu, sarafu. Siku za Jumamosi meza yake iko jirani na kibanda cha akina Pascasie. Mke wangu alimpunguzia suruali, yeye akampa hadithi. Ndivyo walivyoanza.

Nilikuwepo siku alipomwonyesha ile ya kwanza.

"Hii inaitwa pondi ya Kruger, mama. Dhahabu tupu. Ilipigwa Pretoria, enzi zile watu wanamiminika huku kutafuta dhahabu, hapa tulipokaa bado ni mahema na vumbi."

"Na huyu mzee ndevu?"

"Rais wao. Walikuwa na jamhuri yao, na kiwanda chao cha sarafu. Wakapigana na Waingereza, wakashindwa. Nchi ikafa."

"Na hela yake?"

"Si ndiyo hiyo umeishika? Kila mwaka bei inapanda."

Pascasie alicheka mpaka akashika meza. Akanigeukia. "Papa Sonia, umesikia? Nchi yao imekufa, hela yao inaishi. Sisi nchi yetu iko hai, hela yake ndiyo maiti."

Kutoka hapo akanaswa nazo.

Mimi nilidhani anaweka akiba. Kumbe anakusanya. Kuna tofauti, Bakiri ndiye aliyenieleza. Mwenye akiba anataka dhahabu, basi, iwe ya sura yoyote. Mkusanyaji anataka huu mwaka, halafu ule, halafu ule mwingine ambao hakuna mtu anao. Pascasie alikuwa anashona sare za shule za watoto wa mtaa mzima mpaka vidole vinavimba, halafu anakwenda kununua kipande kimoja, anarudi nacho amekifumba kwenye kiganja kama aliyeokota kifaranga.

Alijua hadithi zake zote. Akiwa anapika ugali anakuhadithia. Kwamba zile za mwanzo kabisa zilipigwa Ulaya, na waliochora wakakosea, gari la ng'ombe wakaliwekea miti miwili ya kufungia wanyama, wakati magari ya Makaburu yalikuwa na mti mmoja. Watu walikasirika hao! Leo zenye kosa ndizo zinazotafutwa. Na kwamba vita ilipokaribia kuisha, nchi imeshachukuliwa, wapiganaji wachache walijificha milimani wakajipigia sarafu zao wenyewe porini, kwa mashine ya kuungaunga.

"Hizo za porini ndizo ninazoziota," alisema. "Mtu amenyang'anywa kila kitu, bado anakaa chini anapiga sarafu vizuri, na mwaka anauandika. Kama mimi na cherehani yangu."

Hakuwahi kuipata ya porini. Hiyo ni ya matajiri wenye makabati ya vioo. Aliiona mara moja kwenye maonyesho, akarudi nyumbani hasemi na mtu.

Mimi nilimharibia moja. Hii lazima muiweke kichwani.

Ilikuwa sikukuu yake ya kuzaliwa. Sikuwa na zawadi. Nikamwona ameacha pondi moja juu ya kitambaa, amekwenda dukani, spaza ya kona. Nikaitazama. Imefifia, ina weusi weusi kwenye ndevu za mzee. Nikasema, leo nitamfurahisha mke wangu. Nikachukua majivu, nikakamulia limau, nikachukua na mswaki wangu. Nikaisugua. Nikaisugua tena na dawa ya meno. Ilipometa kama jino la msanii, nikaiweka kwenye sahani, nikaifunika na kikombe.

Pascasie aliporudi akafunua kikombe.

Akaiinua, akaigeuza mbele na nyuma.

Halafu akanitazama uso, akaona ninavyosubiri kusifiwa. Akasema, "Eh! Papa Sonia! Inawaka!" Akanikumbatia.

Jumamosi yake alipompelekea Bakiri, yule mzee alivua miwani akakaa kwenye ndoo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Bwana Astère, umeiua! Sarafu ya zamani haifutwi hata kwa pumzi! Ile rangi yake ndiyo umri wake. Hakuna mkusanyaji duniani atakayeigusa hii, labda wa kuyeyusha atengeneze pete."

Nilitaka ardhi inimeze. Pascasie akanifinya mkono chini ya meza, akamwambia, "Bakiri, mwache mume wangu. Zako ni za kale, hii ni mpya. Imezaliwa juzi."

Basi hiyo ndiyo Pascasie.

Alikuwa na neno moja kuhusu zile sarafu: "Hizi ni za Sonia. Akimaliza shule zitamwingiza kwenye uuguzi." Na alikuwa na siri moja. Mahali zilipo.

Nilimuuliza mara nyingi.

"Unaziweka wapi?"

"Sikuambii."

"Mimi si mume wako?"

"Ndiyo maana. Siku wezi wakiingia na bastola, watakupiga wewe kwanza. Usichokijua hutakitaja hata wakikung'oa meno. Nakupenda na meno yako."

Nikaacha.

Mwaka huohuo alijishonea koti la sufu, jekundu, refu, la kuvaa kanisani wakati wa baridi. Lilikuwa na vifungo vikubwa mbele, vimefunikwa kwa kitambaa kilekile. Koti zuri, ila zito. Nikilitundika nilikuwa namtania, "Mama Sonia, hili umelishonea mawe?" Naye, "Baridi ya huku inataka kitu kizito."

Halafu wakanikamata.

Nilikuwa nimesimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nasubiri nivuke niende kazini. Gari likasimama. Karatasi? Hii hapa. Imekwisha muda. Ndiyo, kwa sababu kompyuta yenu imelala. Panda.

Wakanipeleka kwenye ile kambi ya nje ya mji, ya watu wanaosubiri kurudishwa makwao. Sitawaeleza ya mle ndani. Nitasema tu kwamba mtu anageuka mzigo wenye namba. Nilikaa nikaona wenzangu wanaondoka na mabasi ya kwenda uwanja wa ndege, na kila asubuhi najua leo ni mimi.

Halafu siku moja akaja wakili, mama mmoja ana sauti kama kengele. Akabishana na wakubwa wa pale. Akaja tena. Akaenda mahakamani. Nikatoka.

Nilitoka kichwa juu, jamani. Kanisani walisema ni maombi. Mzee wa kanisa, Emery, alisimama madhabahuni akasema, "Bwana ametutumia sisi watumishi wake kumpatia ndugu yetu wakili." Watu wakashangilia. Nilimpigia magoti mzee Emery mbele ya watu wote. Naye akapokea, akanigusa kichwa.

Na mtaani nilitamba. Niliwaambia wote pale Newtown kwamba serikali iliniona mimi si wa kuchezewa, ikaniachia. Pascasie alikuwa kwenye cherehani yake, anashona, anacheka.

Baridi iliyofuata akaanza kuumwa.

Miguu inavimba, presha inapanda, kichwa. Alikuwa anachukua vidonge kliniki ya serikali, bure, miaka yote. Siku hiyo tulipofika getini tulikuta watu wamejipanga, wamevaa fulana za aina moja. Wanauliza kitambulisho. Ukiwa huna cha hapa, rudi kwenu ukatibiwe.

Pascasie alikuwa na lile koti jekundu. Akawaambia kwa Kizulu kizuri tu, "Mwanangu, mimi nimewashonea sare wadogo zako."

Yule kijana akatazama pembeni. Lakini geti halikufunguka. Na polisi walikuwa pale, wamesimama na gari lao, wanakula chipsi.

Tulirudi. Tukaenda siku nyingine. Geti lilelile.

Nikamwambia, "Mama Sonia, sasa toa dhahabu. Moja tu. Twende hospitali ya kulipia."

Akanitazama. Akanishika mkono, akaukandakanda hivi.

"Ni za Sonia," akasema. "Hii itapita."

"Haipiti! Toa hata ile niliyoiharibu!"

"Papa Sonia. Niletee maji."

Haikupita. Alianguka kwenye kibanda chake, uso juu ya kitambaa cha mtu. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakwenda.

Nitawaambia ukweli: nilimzika nikiwa na hasira naye. Mtu ana dhahabu ndani ya nyumba, anakataa kuitoa aokoe roho yake. Kwa nini? Kwani Sonia alihitaji uuguzi kuliko mama? Nilitupa udongo kwenye jeneza huku moyo unauliza, Pascasie, kwa nini?

Nikapekua nyumba yote. Godoro nililichana. Mfuko wa unga niliumwaga. Sufuria za juu ya kabati, soli za viatu, cherehani niliifungua skrubu zote. Hakuna.

Nikajiambia, ameondoka na siri yake. Basi.

Kwetu Warundi, matanga yana siku yake ya kumalizwa. Tunaita kuganduka. Watu wanakuja, wanakula, wanakunywa, na nguo za marehemu zinagawanywa kwa waliomhudumia. Usipogawa, watu wanakuona umemfungia marehemu kabatini.

Tulifanyia ukumbi wa kanisa. Nikamwambia Sonia, "Koti la mama yako chukua wewe."

"Papa, please. Hilo ni la kizamani. Mi sitalivaa."

Basi nikamwita Victoire. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, msusi, ana saluni yake Diepsloot. Ndiye aliyemwosha Pascasie, akamsuka nywele za mwisho. Nani anastahili zaidi? Nikalifunua lile koti, nikamvika mabegani. Victoire akalia. Watu wakapiga makofi. Mzee Emery akaomba.

Hiyo ndiyo siku niliyogawa dhahabu.

Miezi ikaenda, joto likarudi. Sonia akamaliza shule, akakubaliwa chuo cha uuguzi. Lakini lazima alipe ya kuandikishwa kabla masomo hayajaanza, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mikopo ya serikali? Ni ya wenye kitambulisho cha kijani, cha raia. Sonia amezaliwa hapa, amesoma hapa, wimbo wao wa taifa anauimba kwa lugha zote, lakini kwao ni mgeni.

Nilizunguka. Kazini wakanambia sisi si benki. Kanisani mzee Emery akanambia tuombe.

Ndipo Égide akarudi. Alikuwa Cape Town kwa kaka yake tangu kabla ya msiba. Akaja nyumbani kunipa pole, akakaa, akanywa chai, akatazama huku na huku.

"Kaka," akasema. "Lile koti jekundu liko wapi?"

"Tulimpa Victoire. Kwa nini?"

Égide akaweka kikombe chini.

"Eish. Kaka. Hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

"Siku anashona lile koti aliomba mashine yangu ya kufunikia vifungo, halafu akaniambia nikamnunulie soda. Mimi nikachungulia. Ndani ya kitambaa hakuweka vile vibati vya kawaida. Aliweka zile pondi. Kila kifungo, moja."

Sonia, aliyekuwa anaosha vyombo, aliangusha sahani.

Kesho yake tukaenda Diepsloot, mimi na Sonia.

Saluni ya Victoire ni kontena limepakwa rangi ya waridi. Wateja wamejaa, redio inapiga, na lile koti limetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni, linasubiri baridi.

"Baba Sonia! Karibu! Leo ni nini, unataka kusuka?" Wanawake wakacheka.

Nikamwambia nina shida na koti. Nataka kuangalia vifungo tu.

"Angalia. Koti ni yako, bibi ni wako."

Nikatoa wembe. Nikakata kitambaa cha kifungo cha kwanza.

Ikaanguka washa.

Washa ya chuma, ya kufungia nati, kila fundi gari anayo kwenye kopo.

Nikakata cha pili. Washa. Cha tatu, washa. Nilivikata vyote, na washa zinalia kwenye sakafu kling, kling, na redio mtu ameshaizima.

"Victoire," nikasema. "Umeziweka wapi?"

"Nini?"

"Dhahabu!"

Mmoja wa wateja akacheka, "Dhahabu ku kifungo? Baba huyu amelewa!"

Victoire hakucheka. Aliweka kitana chini.

"Baba Sonia. Ni miye nilimuosha bibi yako. Ni miye nilifunga macho yake. Leo unakuja kuniita mwizi mbele ya bakliyan, hawa wateja wangu wote?"

"Mtu mwingine nani alikuwa na hili koti?"

"Muulize Mungu wako!"

Nilikuwa karibu kusema neno ambalo lisingerudi mdomoni. Sonia ndiye aliyenizuia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika kipande cha kitambaa, anakigeuza.

"Papa. Acha. Tazama hapa nyuma. Hii stichi ni ya Mama."

"Una hakika gani?"

"Nilikuwa namtungia sindano kila siku, Papa. Anamaliza na fundo mbili na anarudi kinyume. Kwenye zote. Hakuna mtu amefungua hivi vifungo. Ni Mama mwenyewe ameweka hizi washa."

Wateja wakainama kuokota washa.

Nikamtazama Victoire. Alilikunja koti, akalitia kwenye mfuko wake, akanisukumia kifuani.

"Chukua. Miye koti yenye ugomvi sivae. Na siku nyingine ukikuja, kuja na salamu kwanza."

Jumamosi nikaenda Newtown na Sonia, koti mkononi. Bakiri aliponiona, akafunga sanduku lake la vioo.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilikuwa naomba usije."

Nikazimwaga washa mezani kwake. "Nieleze."

"Kaa, bwana Astère."

"Sikai. Nieleze."

"Alizileta mwenyewe. Wewe ukiwa kule kambini. Alileta ya kwanza kwa ajili ya kumleta wakili afike tu. Wakili akasema kesi inakwenda mahakamani, akaleta nyingine. Halafu nyingine. Wale wakusanyaji wangu walizigombania, maana alizitunza kama mboni ya jicho. Mpaka vifungo vikaisha. Na siku vilipoisha ndiyo siku uliyotoka."

Nikakaa kwenye ile ndoo.

"Wakili alikuwa wa kanisa," nikasema. "Mzee Emery..."

"Mzee Emery alimsindikiza mara moja ofisini kwa wakili, akaomba nauli ya kurudi."

Watu wanapita, wananunua shanga, wanapiga picha. Nilikumbuka nilivyopiga magoti mbele ya yule mtu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, akijua atajiona mzigo. Kule wamemfanya mzigo vya kutosha. Mwache atoke anatamba."

"Na hizi washa?"

Bakiri akaokota moja, akaishika ukingoni kwa vidole viwili, kama wanavyoshika wao.

"Kifungo kikibaki kitupu kitambaa kinanywea, koti linaharibika. Aliniambia atazirudisha moja moja. Washa zinashika nafasi."

Zinashika nafasi.

Kumbe siku ile ninamwambia toa dhahabu twende hospitali, alikuwa amevaa washa. Angeniambia hakuna, ningeuliza zimekwenda wapi. Ndiyo maana aliniomba maji.

Ile hasira yangu, niliyomzika nayo, sikujua niipeleke wapi. Bado sijui.

"Ila moja hakuniuzia," Bakiri akasema, taratibu.

"Ipi?"

"Ile uliyoisugua na majivu. Nilimpa bei ya uzito, ingemsaidia. Akafumba kiganja. Akasema, hii hapana, hii Papa Sonia aliing'arisha kwa ajili yangu."

"Iko wapi?"

"Wallahi sijui."

Égide alikuwa kwenye cherehani yake anasikiliza yote. Akainuka. Akalichukua lile koti kutoka mikononi mwangu, akaligeuza ndani nje.

"Kaka, fundi anayejiheshimu hashoni koti bila kifungo cha akiba," akasema. "Ukipoteza kimoja, unacho kingine." Akapitisha dole gumba chini kabisa, kwenye mshono wa bitana, pale ambapo mkono wa mtu haufiki. Dole likagota kitu kigumu.

Akanipa mkasi.

Ilikuwa imefungwa na kile kitambaa chekundu, fundo mbili, kurudi kinyume. Nilipokata, mzee ndevu alitoka anang'aa kama nilivyomwacha.

Nililia pale, katikati ya soko. Sikuona aibu. Tangu mazishi sikuwa nimelia.

Sonia akaiweka kwenye kiganja. "Papa, please, hii tusiuze."

Nikamuuliza Bakiri, tukiiuza ingekuwaje.

"Kwa wakusanyaji haina soko, nilishakwambia. Itakwenda kwa uzito wake, kuyeyushwa. Ya kuandikishwa chuo itatosha. Lakini bwana Astère, fikiri. Ikiyeyuka haipo tena."

"Papa, no. Nitasubiri mwaka mwingine."

"Sikiliza, mwanangu. Mama yako aliuza zote nzuri kunitoa mimi. Hii mbaya ni ya kwangu. Nitaitoa mimi kukuingiza wewe."

Kabla sijaitoa, nilivuta ncha ya shati langu, nikamfuta mzee ndevu, mbele na nyuma, mpaka akawaka. Bakiri aligeuza uso upande wa pili. Mara hii hakunigombeza.

Sonia yuko chuoni. Baridi imerudi, na anavaa lile koti la kizamani. Washa amezifunika upya yeye mwenyewe, akazishona, fundo mbili na kurudi kinyume. Hata pale kwenye bitana ameweka moja. Nilimwambia ya nini, hapo hapaonekani.

Akanijibu kwa Kiswahili, chote, bila neno la kigeni: "Papa, inashika nafasi."

Kwa Victoire nilikwenda, nikatanguliza salamu. Alinifokea kwanza, halafu akanipa chai. Kwa mzee Emery sijakwenda. Nikienda nitaikuta ile sakafu niliyopigia magoti.

Na nyie mliofunga geti, na nyie mliolaza kompyuta, na nyie mliokuwa mnakula chipsi: sina cha kuwafanya. Mimi ni mlinzi wa matairi. Nimewaandika hapa tu, ili mtu asome ajue Pascasie hakufa kwa kukosa akili wala kwa ubahili.

Ninyi wenzangu, mkigawa nguo za marehemu, pitisheni kidole kwenye kila mshono. Na ukiwa bado naye, yuko jikoni hapo anakuhadithia mambo yake, ukamwomba kitu akakunyima, usinune kama nilivyonuna mimi. Inawezekana alishakupa zamani, na sasa ameishiwa.